Safari ya Ulaya yaanzia sebuleni Buruburu

Mnaonifahamu mnajua kwamba kazi hii ya kalamu haijapata kunifikisha mbali kuliko Kampala, na hata huko nilienda kwa basi la usiku nikarudi kwa basi la usiku. Kwa hivyo msinicheke mkisikia kwamba tangu likizo ya Aprili nimekuwa mpangaji wa safari ya Ulaya. Safari si yangu. Ni ya mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu wa Buruburu, ambaye Novemba atatimiza umri wa miaka 16.

Enzi zetu, mwanafunzi akitimiza miaka 16 alimwagiwa karai la maji na wenzake, akakimbizwa kuzunguka bweni, ikawa basi. Mwenye bahati alinunuliwa soda. Siku hizi watoto wa mjini wana mambo yao, na nakiri kwamba nilikuwa tayari kuyakashifu mambo hayo katika safu hii hii, hadi jioni moja dada yangu aliponiita kwake nikamkuta ameketi na daftari lake la chama mezani.

“Kaka,” akaniambia, “kabla hujaanza kuhubiri, nisikilize kwanza.”

Nikasikiliza. Wiki ile ile binti alipotimiza miaka 13, baba yake alifunga virago akahamia Nakuru, ambako ameanza maisha mengine. Keki iliyokuwa imeagizwa haikwenda kuchukuliwa. Usiku huo dada yangu, kwa kutojua la kumwambia mtoto aliyekuwa akilia, aliropokwa na ahadi: ukifika miaka 16 nitakupeleka Ulaya ukaione Paris. Ahadi zinazotolewa usiku wa kilio aghalabu husahaulika kunapokucha. Hii haikusahauliwa na yeyote kati yao wawili. Dada yangu ana duka la sare za shule, na kila Januari, wazazi wanaposukumana mlangoni pake kutafuta sketi na sweta, aliweka kando kitu. Zamu yake ya chama ilipofika, hakuigusa. Sasa ana Sh480,000.

Nilimwambia lililokuwa moyoni, kwamba kwa pesa hizo mtu huweza kuanza kulipia kiwanja.

“Najua,” akajibu. “Lakini sikumwahidi kiwanja.”

Hapo sikuwa na la kuongeza. Mpwa wangu akaitwa. Alikuja na simu, na ndani ya simu mlikuwa na orodha: London, Paris, Amsterdam, Berlin, Vienna, Rome na Barcelona. Siku ngapi? Siku nane.

Nilimwuliza atalala wapi. Akasema garini. “Mjomba, treni za huko zinakwenda kasi.” Ni kweli zinakwenda kasi, lakini hata kasi ina saa zake. Paris hadi Barcelona ni safari ya takriban saa saba. Amsterdam hadi Berlin ni kama saa sita. Ongeza saa za kufunga na kufungua masanduku, kutafuta hoteli na kupotea njia, kwani mgeni lazima apotee, na utaona kwamba binti angeiona Ulaya jinsi abiria wa basi la Mombasa anavyouona mji wa Voi. Yaani dirishani, akisinzia.

London ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa, na si kwa ubaya wake. Viza inayoitwa ya Schengen humwezesha msafiri kuingia nchi 29 za Ulaya kwa kibali kimoja, hesabu iliyotimia Januari 2025 Romania na Bulgaria zilipoingia kikamilifu. Uingereza haimo. Kwenda London ni ombi lingine, ada nyingine na foleni nyingine, na ukinyimwa mojawapo ya viza hizo mbili safari nzima imevurugika. Mtoto alinuna kidogo, kisha akapiga mstari.

Kwa miji sita iliyobaki nilimpa daftari la kurasa 96, lile la kawaida la shule, nikamwambia asinionyeshe simu tena. Kila mji uandikiwe ukurasa wake. Na juu ya ukurasa aandike jambo moja tu: kitu ambacho akirudi Nairobi bila kukiona, atalia. Si kizuri, si maarufu, si kile ambacho wenzake shuleni watataka picha yake. Cha kumliza. Nilimpa siku tatu.

Hapa naomba radhi kwa wasomaji, kwa sababu katika siku hizo tatu mimi mwenyewe niliingiwa na tamaa. Niliupigia debe mji wa Berlin. Katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya mji huo, yaitwayo Museum für Naturkunde, pamesimamishwa kiunzi cha mifupa ya dinosaria chenye kimo cha mita 13.27, na mifupa hiyo haikutoka Ujerumani. Ilichimbwa kilima cha Tendaguru, karibu na Lindi, kusini mwa Tanzania, kati ya mwaka 1909 na 1913, na wachimbaji walikuwa wenyeji wa huko, waliobeba mizigo hiyo vichwani na mabegani hadi pwani ikapakiwe melini. Fikiria mnyama wa kwetu anayefikia kimo cha jengo la ghorofa nne, amesimama katikati ya Berlin! Niliyaeleza haya kwa ufasaha wangu wote. Aliyenielewa katika nyumba ile ni mmoja tu, mdogo wake binti, kijana wa miaka kumi, ambaye hayumo safarini na ambaye atakaa kwangu wiki hiyo. Yeye aliunga mkono Berlin kwa kelele. Tulikuwa wawili, na wote wawili hatukuwa na kura.

Siku ya tatu daftari lililetwa. Kurasa tatu zilikuwa tupu. Juu ya ukurasa wa Vienna palikuwa na neno moja, “Sijui,” na hilo naona lilikuwa jibu la busara kuliko lote alilowahi kunipa. Paris ilikuwa imeandikwa: Mnara wa Eiffel, kwa miguu, si kwa lifti. Hilo nalo nililitarajia. Lakini ukurasa wa Amsterdam ulikuwa hivi: “Nyumba ya Anne Frank. Siku yenyewe. Yeye hakufika kumi na sita.”

Kwa wasiomfahamu, Anne Frank alikuwa msichana Myahudi aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1929, ambaye wazazi wake walimhamishia Uholanzi kuwakimbia Wanazi. Tarehe 12 Juni 1942, siku alipotimiza miaka 13, alipewa kitabu cha kuandikia shajara. Kufikia wakati huo Wanazi walikuwa wameshaiteka Uholanzi nayo, na tarehe 6 Julai, haujatimia hata mwezi, familia yake ilihamia mafichoni katika vyumba vya nyuma vya jengo la biashara la baba yake, nambari 263 Prinsengracht, kando ya mfereji. Watu wanane waliishi humo kwa zaidi ya miaka miwili, wakinyata mchana ili wafanyakazi wa chini wasisikie nyayo. Humo alitimizia miaka 14, na humo akatimizia 15. Tarehe 4 Agosti 1944 walikamatwa. Alifariki katika kambi ya Bergen-Belsen mapema mwaka 1945. Kati ya wale wanane aliyerudi hai ni baba yake peke yake, na ndiye aliyehakikisha shajara ya bintiye inachapishwa mwaka 1947.

Mpwa wangu alikisoma kitabu hicho kidato cha kwanza, nakala ya maktaba ya shule iliyopoteza jalada. Hatukuwa na habari. Mama yake alipousoma ule ukurasa aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Basi tukabaki na miji miwili, na kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Paris na hadi Amsterdam, kwa hivyo wataingilia Paris na kutokea Amsterdam, wasirudi nyuma kwa gharama. Kati ya miji hiyo miwili ni treni ya saa tatu na ushei. Na kwa kuwa treni hiyo hupitia Brussels, binti akaongeza la tatu kwa hiari yake. Kidato cha tatu wamekuwa wakisoma jinsi Afrika ilivyogawanywa, na mwalimu wake wa historia akawatajia Tervuren, kitongoji cha Brussels, ambako Mfalme Leopold wa Pili aliandaa maonyesho ya Kongo mwaka 1897. Wakongo 267 walipelekwa kule wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watu waje kuwatazama, na saba kati yao walifia huko. Makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la mji huo. Makumbusho ya Afrika yaliyopo hapo yalifungwa miaka mitano kufanyiwa marekebisho na yakafunguliwa tena Desemba 2018. Watashuka Brussels asubuhi, waweke masanduku kwenye makabati ya stesheni, wapande tramu nambari 44 hadi Tervuren, warudi alasiri waendelee na safari. Siku hiyo isiwe Jumatatu, maana makumbusho hufungwa.

Dada yangu aliuliza kama hilo ni jambo la siku ya kuzaliwa. Binti akamjibu kwamba keki italiwa Amsterdam.

Sasa tuje kwenye pesa, maana najua wengi mmekuwa mkinisubiri hapo. Wakala mmoja mjini alitutajia tiketi ya Sh118,000 kwa kila mmoja, kwa hivyo Sh236,000 kwa wawili, na hii ni kwa sababu ni Novemba. Wangesafiri Agosti, wakati Wazungu wenyewe wako likizoni, tungetaja bei nyingine kabisa. Novemba ni baridi, jua la Paris huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, lakini foleni ni fupi, hoteli hushusha bei, shule za kwetu zimefungwa, na duka la sare halijaanza kuona msukosuko wa Januari. Malazi ya usiku saba tumeyakadiria kuwa Sh100,000. Amsterdam ni ghali mno kwa malazi, kwani juu ya bei ya chumba mji huo hutoza ushuru wa wageni wa asilimia 12.5 tangu mwaka 2024, kwa hivyo watalala Haarlem, mji mdogo ulio umbali wa dakika 15 hivi kwa treni. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na msidanganyike kwamba mtoto wa miaka 15 ni mtoto. Nusu ada ni ya wenye umri wa miaka 6 hadi 11. Kwa wawili ni euro 180, takriban Sh27,000, mbali na malipo ya kituo kinachopokea maombi. Treni, bima, chakula, pasipoti na viingilio ni Sh100,000 nyingine. Jumla Sh463,000. Zinabaki Sh17,000 za dharura, ambazo si haba, ingawa ningependa ziwe mara mbili.

Jambo moja lilinifurahisha katika hesabu hizo, na wazazi wenye vijana mlizingatie. Umri wa mtoto wenyewe ni tiketi. Makumbusho ya Louvre kule Paris hayamtozi aliye chini ya miaka 18, awe wa nchi yoyote, ilhali tangu Januari 2026 mtu mzima asiye wa Ulaya hulipa euro 32. Rijksmuseum ya Amsterdam, iliyo na picha kubwa ya Rembrandt ya mwaka 1642 ya walinzi wa usiku, haimtozi hata mwenye miaka 18 kamili. Kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, ni bure kwa wote. Kwa hivyo atakayelipa kuitazama Mona Lisa ni mama mtu, na nimemwonya asitarajie makubwa: ni picha isiyozidi sentimita 77 kwa 53, na mbele yake kuna vichwa vya watu mia. Louvre hufungwa Jumanne. Dada yangu alikuwa ameipangia Jumanne.

Kwa Eiffel, ngazi za kufikia ghorofa ya pili ni vidato 674, na bei yake ni nafuu kuliko lifti. Mnara ulifunguliwa mwaka 1889 na urefu wake leo ni mita 330. Dada yangu, ambaye hupata kizunguzungu akitundika mapazia, ameamua kwamba atasubiri chini na mkoba.

Tiketi za nyumba ya Anne Frank zinauzwa kwa intaneti tu, na hufunguliwa kila Jumanne kwa ajili ya wiki ya sita inayofuata. Anayechelewa hukosa. Jumanne yetu itakuwa Oktoba, na binti ameiandika ukutani kwa kalamu ya wino, jambo ambalo mwenye nyumba bado hajaliona.

Mavazi yalitupeleka Gikomba. Asubuhi ya Jumamosi tulichimbua marundo ya makoti mazito, dada akinusa na kutikisa kila moja, mpaka tukapata mawili yasiyo na tundu. La binti lina kibandiko cha duka la Uholanzi. Muuzaji alipoambiwa linakokwenda alicheka hadi akaketi juu ya mzigo wake. “Mama, hili lilitoka kwao kwa meli, nanyi mnalirudisha kwa ndege?” Akatupunguzia Sh100 kwa sababu ya kicheko.

Haya yote yalikuwa rahisi. Gumu lilikuwa karatasi.

Pasipoti ya mtoto hutaka cheti cha kuzaliwa, nacho hakikuonekana. Dada yangu alipekua makabati, akapekua masanduku ya chini ya kitanda, akakuta hadi risiti za redio iliyoibwa, cheti hakuna. Na hata kingepatikana, viza ilikuwa na lake. Mtoto wa chini ya miaka 18 anayesafiri na mzazi mmoja hutakiwa kuwa na idhini ya maandishi ya mzazi wa pili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama mzazi huyo amefariki, unaonyesha cheti cha kifo. Kama mahakama imekupa wewe peke yako malezi ya mtoto, unaonyesha amri ya mahakama. Dada yangu hakuwa na hiki wala kile. Alikuwa na mume aliyehamia Nakuru.

“Heri safari ife,” akasema. “Sitampigia magoti mtu yule.”

Nilitoa shauri la kwenda mimi, shemeji kwa shemeji, tukaongee kiume. Ndipo binti, aliyekuwa kimya akibandua gundi ya daftari lake, akasema kwamba ni yeye anayeomba, kwa hivyo ni yeye atakayekwenda. Miaka mitatu hakuwa amezungumza na baba yake. Karo ilikuwa ikija, mara kwa wakati na mara kwa kuchelewa, lakini simu zake alikuwa hazipokei.

Tulipanda matatu ya asubuhi, yeye na mimi. Kutoka Nairobi hadi Nakuru hakusema neno isipokuwa mara moja, pale juu ya Bonde la Ufa watu wanapouza ngozi za kondoo kando ya barabara, aliponiuliza kama mtu akikataa kutia sahihi ni lazima aeleze sababu. Nikamwambia sijui.

Shemeji ana duka la vipuri vya magari. Alikuwa akihesabu mikanda ya injini tulipoingia, na alipomwona binti alipoteza hesabu. Tulipewa viti. Tulipewa soda. Mimi nilianza hotuba niliyoiandaa tangu Limuru, binti akanishika mkono akaitoa ile karatasi na kumwekea baba yake mezani, kisha akaeleza kila kitu mwenyewe: tarehe, miji, hoteli, nani atakuwa naye, na kwamba baba hatatakiwa kulipa chochote.

Aliisoma mara tatu. Nilimwona akirudi juu kila anapofika chini.

“Na Paris ni ya nini?” akauliza.

“Ni ya mama. Mimi ni Amsterdam.”

Aliinuka akaingia chumba cha nyuma. Nilidhani ameenda kutafuta kalamu. Alirudi na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, na ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya chanjo, ripoti ya darasa la kwanza na cheti cha kuzaliwa. Alivichukua siku alipohama. Kwa nini, hakusema, na binti hakuuliza. Alivitazama tu, kimoja kimoja, akakichukua cheti na kuviacha vingine mezani.

Tulikwenda kwa wakili ghorofa ya pili ya jengo la jirani, akaapa, akatia sahihi, akagongewa mhuri. Tukiwa tunashuka ngazi akasema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, “Ulizaliwa saa kumi alfajiri. Pumwani. Mvua ilikuwa inanyesha, sikupata teksi. Huko Amsterdam hiyo itakuwa saa ngapi?”

Binti akahesabu kwa vidole. Novemba wako nyuma yetu kwa saa mbili. “Saa nane usiku.”

“Basi nitapiga saa hiyo.”

“Nitakuwa nimelala.”

“Nitangoja uamke,” akasema.

Binti hakumjibu. Lakini tulipofika Gilgil aliniomba nambari ya simu ya baba yake, kwa vile aliyokuwa nayo alikuwa ameifuta.

Sasa tahadhari kwa wanaotaka kufuata nyayo zetu. Ombi la viza hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wao watalala Paris siku nne na Haarlem siku tatu, kwa hivyo ombi lilikwenda Ufaransa. Linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na mwenye akili haingojei hiyo ya pili. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari isipungue euro 30,000 za matibabu. Usilipie ndege kabla ya kupata viza, shikilia nafasi tu, kwani ada ya viza hairudishwi ukinyimwa. Wanaokagua hutaka kuona kwamba una sababu ya kurudi nyumbani, kwa hivyo dada yangu alipeleka leseni ya duka, taarifa za benki, vyeti vya ushuru, na barua ya mwalimu mkuu inayosema shule inafunguliwa Januari. Mimi nilimshauri aweke pia picha ya foleni ya wazazi dukani mwezi Januari. Alikataa. Mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri.

Na msiwatangazie watu mapema! Dada yangu amemwambia binti asimweleze hata rafiki mmoja mpaka viza iwe mkononi, na katika hili namuunga mkono kwa mikono miwili. Kunyimwa viza kunauma. Kunyimwa ilhali darasa zima lilishaagiza chokoleti kunauma mara arobaini.

Wiki iliyopita, kabla shule hazijafunguliwa kwa muhula wa tatu, walikwenda katika kituo cha maombi. Walichukuliwa alama za vidole, kwani kuanzia miaka 12 kila mtu huchukuliwa. Karani alipoipitia faili ya mtoto aliisoma idhini ya baba, akageuza, akasoma mhuri wa Nakuru, akasema imekamilika. Binti alitaka kujua kama pasipoti yake itagongwa mhuri kila nchi. Akaambiwa la, Ulaya ilianza Oktoba 2025 kutumia mashine zinazoandikisha sura na vidole vya mgeni badala ya mhuri. Hilo lilimhuzunisha kuliko kukosa London.

Jibu kwa kawaida hutoka katika siku 15, na likichelewa huweza kufika siku 45. Mpaka ninapoandika haya, pasipoti hazijarudi. Dada yangu hupokea kila simu kabla haijalia mara ya pili. Koti la Gikomba limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha binti, na jana, nilipolisogeza kutafuta swichi ya taa, niliona mfukoni mwake karatasi iliyokunjwa, ina nambari ya simu ya Nakuru na chini yake, kwa mwandiko wake: saa nane usiku.